Chumba Alichokataa Kukalia Eda

Nilikisikia kitanda kabla sijafumbua macho. Miguu yake ilikwaruza sakafu ya udongo, ikasimama, ikakwaruza tena, kisha mti ukagonga mwimo wa mlango na unga wa chokaa ukanimwagikia usoni. Sikufumbua. Kwetu, mtoto akisikia kitanda kinatolewa chumbani alfajiri hahitaji kuambiwa: amekufa mtu, na chumba kinaondolewa vyombo ili wanawake wapate pa kutandika na kukaa. Nililala vilevile, nikawahesabu wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa hai. Mama alikuwa akihema upande wa pili wa ukuta, basi naye alikuwa hai. Akabaki baba, ambaye hakuwa amelala nyumbani tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Nilipothubutu kuangalia nilimwona mama peke yake, kanga ameikaza kiunoni, mgongo umelowa, anakisukuma kwa paja kitanda chake cha ndoa. Hakuwa akilia. Aliniambia niamke nishike upande wa miguuni, maana hakitapita mlango wa uani mpaka kilazwe ubavu. Nikamwuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," alisema. "Nataka nafasi ya kazi."

Mama mwenyewe tulimzika majuzi. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa uani tunachambua mchele, na mwanamke wa rika langu, tuliyekua naye kando ya ghuba ya Tungue, akasema kwa huruma ya kweli kwamba maskini mama yako, mikono yake iliharibiwa bure kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa ameshakufa. Wenzake wakatikisa vichwa. Ni kweli, baba alikuwa ameshakufa. Habari hiyo ilitufikia vita vilipokwisha: homa ilimwua ng'ambo ya Rovuma mapema sana, kabla ya haya ninayoyasimulia, na mwalimu wa madrasa akapiga hesabu akasema eda ilishapita yenyewe, mama hadaiwi hata siku moja. Lakini neno lile "bure" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Msemaji hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana nilishindwa kumjibu palepale. Namjibu hapa. Ninyi mliokuwa watoto wakati wa vita mnajua zinavyosimuliwa hadithi za siku zile: wanaume walipigana, wanawake wakasubiri. Mimi nilikuwamo chumbani. Sikuona mtu akisubiri.

Baba alikuwa fundi wa kuezeka. Alivuka mto Rovuma kuwafuata wapiganaji, pamoja na vijana wengine watatu, akamwachia mama neno moja tu, kwamba wakimwuliza aseme amekwenda kutafuta kazi Mtwara. Kwa miezi kadhaa neno hilo lilitosha. Kisha mizinga ikaanza kusikika upande wa bara, barabara ikajaa malori ya askari, na kwenye posto, yaani ofisi ya Wareno ya sehemu yetu, wakaanza kuandika majina ya wanawake ambao waume zao hawaonekani.

Habari za majina hayo alizileta Baba Mkubwa Asani, kaka yake baba. Alikuwa mainato wa posto, dobi wa shefe, akifua na kupiga pasi nguo za mkuu yule na za mkewe. Na mtu anayepiga pasi nyuma ya mlango husikia mengi. Alikuwa mpole, ananukia wanga na makaa, na kila alipokuja kwetu alinivuta sikio kwanza ndipo akapokea shikamoo yangu. Siku ile hakunivuta. Alikaa kizingitini akamweleza mama polepole, kama anayemfundisha mtoto kutawadha. Wajane hawaandikwi. Nyumba ya mjane haipekuliwi. Mama akikubali kukaa eda, akavaa nguo nyeupe na kujifungia chumbani miezi minne na siku kumi, yeye atakwenda kumwambia shefe kwamba mdogo wake amekufa maji, na jina letu halitaandikwa.

"Na kama hajafa?" mama aliuliza.

"Basi siku akirudi tutacheka sote."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliupepeta mpaka ukaisha, akasema atafikiri. Kufikiri kwake ndiko kulikokwaruza sakafu alfajiri ya pili yake.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi, kwa sababu kuelewa kwangu ndiko kulikotuponza. Nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo. Nilikuwa nimechunguza kwamba kila nyumba ambamo mwanamke aliingizwa eda, mume wa nyumba ile hakuonekana tena. Kwa jirani yetu Bi Zubeda ilikuwa hivyo. Kwa mama yake mama ilikuwa hivyo. Sikuwahi kuona hata mume mmoja aliyerudi. Nikaamua kwamba eda ndiyo inayowamaliza wanaume. Matanga yakiisha kitanda hurudishwa, mwanamke anaingia gizani, anakaa juu yake bila kutoka, na huko aliko mwanamume, siku baada ya siku, pumzi inampungua. Na eda, kwa nilivyoona, ilihitaji vitu vitatu: chumba kikubwa, kitanda, na giza. Mama alikuwa ametoa kitanda. Nilimwelewa mara moja, au nilidhani nimemwelewa, nikaanza kumsaidia kama mtu anayemwokoa baba yake.

Mama alikuwa msukaji wa ukili na mshonaji wa mikeka, tangu usichana wake. Lakini kazi yake ilikuwa imetapakaa nyumba nzima, miyaa, yale majani ya ukindu, uvunguni, rangi jikoni, sindano juu ya mlango, na kila mara mvua iliponyesha kitu fulani kiliharibika. Sasa alitaka vyote viwe pamoja. Hakuanza kwa kupanga. Alianza kwa kukaa. Asubuhi tatu alikaa sakafuni katika chumba kitupu, miguu ameinyosha mbele kama anasuka, mikono inasuka hewa, akisogea kidogo kidogo huku na huku. Nilidhani ni dua. Siku ya tatu alichukua kipande cha mkaa akachora mraba ukutani, usawa wa bega la mtu aliyeketi, upande wa barabara. Akachukua panga akaanza kutoboa.

Mjue ilikuwa miezi gani ile. Watu walikuwa wanaziba. Madirisha yalizibwa kwa magunia, nyufa kwa udongo, ili askari wanaopita wasione taa wala mtu. Bi Zubeda, mzee mwenye meno manne na ulimi wa msichana, alitoka nje akasimama mikono kiunoni.

"Mama Atija, wenzio tunaziba, wewe unatoboa. Au wataka lori la askari liingie likusaidie kusuka?"

"Likiingia nitaliloweka pamoja na miyaa," mama alimjibu bila kugeuka.

Alikata fito, akaacha miti miwili ya kusimama ili ukuta usishuke, akaupaka udongo pembeni kwa kiganja mpaka ukawa laini. Mwanga uliingia ukalala chini kama mkeka uliotandikwa na mtu mwingine. Chumba kile sikuwahi kukiona sakafu yake mchana. Kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda. Mama akazikanyaga, akamwaga maji, akazisiriba.

Baada ya hapo ndipo alipopanga, nami nilikuwa miguu yake. Kamba aliifunga kutoka ukuta hadi ukuta upande usiopata jua, kwa ajili ya miyaa mibichi, maana jua likiipiga inakatika ovyo na upepo ukiipiga inajikunja. Chini ya kamba akachimbia mtungi uliovunjika shingo, wa kulowekea. Karibu na mlango wa uani, mvuke upate kutoka, akapanga vyungu vya rangi: cha magome ya mkoko, yanayotoa wekundu wa damu iliyokauka, cha manjano, cha zambarau ya pakiti kutoka duka la Banyani, ambayo aliibania kama dawa. Ukutani akapigilia vigingi, na kwenye kila kigingi akaning'iniza ukili uliokwisha kusukwa, umezungushwa kama kamba ya nanga: mwembamba wa misala juu, wa mikeka ya kulalia katikati, mpana wa majamvi chini kabisa. Chane, zile nyuzi bapa zilizokwisha kupasuliwa, alizitenga kwa upana wake katika makopo ya samaki. Kisu cha kuchania alikitengeneza kwa bati la kopo moja. Sindano kubwa mbili alizichomeka kwenye gunzi la mahindi, na gunzi akaliweka chini upande wa kulia wa mahali pake pa kukaa. Nikasema pale halionekani vizuri, afadhali juu ya kigingi.

"Usiweke kitu mahali jicho linapokipenda," alisema. "Kiweke mahali mkono unapokitafuta."

Mimi sikujali jicho wala mkono. Nilijali kujaza. Kila aliponiambia lete kifungu kimoja cha miyaa nilileta viwili. Nilimwomba mtu wa kisiwa cha Rongui, aliyekuja kubadilishana miyaa kwa majamvi, atuletee mingi zaidi. Nilipanga makopo kwenye kona ambako, kwa hesabu yangu, miguu ya kitanda ingeweza kurudi kusimama. Usiku nilimwona baba kwa mawazo akivuta pumzi ndefu.

Baba Mkubwa alikuja kukiona chumba. Alisimama mlangoni, akatazama vigingi, akatazama vyungu, kisha akalitazama dirisha muda mrefu kuliko vyote.

"Na eda utaikalia wapi?" aliuliza.

"Shemeji, unaona mwenyewe," mama alisema. "Hapana nafasi."

Nilifurahi nikakaribia kurukaruka. Maneno yale yalikuwa ushahidi kwamba nilikuwa nimeelewa sawasawa. Baba Mkubwa hakufurahi. Alijipangusa uso kwa kitambaa kilichopigwa pasi, akaondoka bila kunywa uji. Mama hakujua, wala mimi, kwamba alikuwa ameshasema. Asubuhi hiyohiyo, akiwa anampelekea shefe mashati, alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake amekufa maji na shemeji yake yumo ndani, amekaa eda. Alikuwa na uhakika mama atakubali. Mwanamke gani angekataa kufutwa katika orodha ile?

Wiki mbili chumba kile kilikuwa na kelele nzuri. Wanawake walianza kuja kusuka kwetu kwa sababu ya mwanga. Walikaa wamenyosha miguu, ukili unatambaa kutoka vidoleni mwao mpaka katikati ya sakafu, na Bi Zubeda akiwachokoza. Alimwambia mmoja ukili wake umepinda kama maneno ya mume wake. Alisema ameishi miaka yote hii akisukia gizani na sasa ameona kwa mara ya kwanza kwamba mikeka yake ni mibaya, tena anadai fidia. Walipopita askari barabarani wanawake waliinamisha vichwa lakini vidole havikusimama. Mama peke yake hakuinamisha. Alikuwa amekaa mkabala na dirisha, na aliyepita alimwona kifuani na usoni, mwanamke wa kanga ya rangi, mchana kweupe, anafanya kazi. Leo najua alichokuwa akikifanya. Mwenye eda hukaa asionekane na wanaume wa kando. Yeye alikuwa akionekana kwa makusudi, kila siku, na kila mtu.

Sipai, askari mweusi wa posto, alikuja mchana mmoja mama akiwa kisimani. Nilikuwa peke yangu natenga chane. Aliweka viwiko juu ya dirisha letu jipya, akavua kofia. Alikuwa kijana, wa bara kwa matamshi yake, na alinipa bolasha, biskuti nene ya maduka ya Wareno. Akasema amesikia kwetu kuna msiba, amekuja kutoa pole. Nikamwambia hakuna msiba. Akauliza mbona kitanda kizuri kile kipo uani kinanyeshewa. Nikamweleza, kwa sababu aliuliza kwa upole na kwa sababu nilijivunia.

"Mama amekitoa ili baba asife."

"Kumbe baba hajafa."

"Hajafa. Chumba kimejaa."

Alinitazama, akatazama chumba. Nadhani hakuelewa neno la pili, lakini la kwanza lilimtosha. Alivaa kofia yake akaenda zake, nami nikala bolasha yote, makombo nikayafagia.

Walimwita mama kesho yake. Bi Zubeda alimsindikiza na akakaa kwenye baraza ya posto, na yaliyosemwa ndani yalimfikia wazi kwa kuwa, alisema, Mreno yule hakujua kusema bila kupiga kelele. Shefe alimwuliza mama jambo moja tu. Mainato anasema mumeo amekufa, mtoto wako anasema yu hai, nani mwongo? Baba Mkubwa alikuwamo, mashati mkononi. Alisema kwa Kireno, mara mbili, "Morreu, senhor. Morreu." Amekufa, bwana. Mama angeitikia kwa kichwa tu yangekwisha. Mtoto angekuwa ameropoka, mainato angekuwa mkweli, na sote tungelala. Mama alisema kwamba hajaletewa habari ya kufa wala ya uzima, na shemeji yake naye hajaletewa. Shemeji amesema vile kwa huruma. Yeye mwenyewe hamziki mtu kwa kinywa.

Kwenye posto walikuwa na palmatoria, kibao cha mbao ngumu chenye matundu, mfano wa mwiko mkubwa, cha kupigia viganja. Matundu hunyonya nyama. Mama alipigwa vyote viwili. Baba Mkubwa hakuguswa. Mashati ya shefe yalimhitaji.

Alirudi akitembea wima, mikono ameinyanyua mbele yake kama mtu aliyebeba beseni la maji. Vidole vilikuwa vimevimba hadi havikutani. Aliingia chumbani, akakaa mahali pake pa siku zote, akanyosha miguu. Kwa mazoea mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye gunzi la sindano ukalikuta, na haukuweza kulishika. Nilimwona akilitazama gunzi lile. Nikamwambia yote palepale, bolasha, sipai, kitanda, eda na pumzi za baba, na kwamba mimi ndiye niliyempiga. Nilitegemea kofi ambalo mikono ile isingeweza kunipiga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye waume wanaomalizwa na eda alicheka, kicheko kifupi kilichomwuma mahali fulani, akajiuma mdomo.

"Kunyamaza utajifunza mwakani," alisema. "Sasa chukua sindano. Jamvi la mtu wa Rongui halijaisha."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, nikiwa mikono ya mtu mwingine. Alisema, nami nikafanya. Chane ya kopo la pili. Loweka, usizamishe. Pishanisha, vuta, usivute kwa hasira. Hakuwahi kuniambia angalia wapi. Aliniambia nyosha mkono, na kitu kilikuwapo. Siku ya nne nilishona nikiwa nimefumba macho ili kumjaribu, nikapata kila kitu. Nilianza kuona kwamba chumba kile hakikuwa na habari na kitanda cha eda, wala na pumzi za baba. Mama alikuwa amekipanga kwa ajili yake mwenyewe. Nilihisi wivu kidogo kwa niaba ya baba, kisha wivu ukapita.

Baba Mkubwa alikuja siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, na kwa mara ya kwanza alipiga hodi kama mgeni. Mkononi alikuwa na nguo nyeupe, imekunjwa mraba, imepigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona. Wanawake walikuwa wamekwenda kupika. Nilikuwa nashona, mama ameegemea ukuta, mikono juu ya mto.

Hakukaa. Alisema shefe ametoa muda mpaka Ijumaa. Ijumaa sipai watapita. Wakimkuta mama yumo ndani, dirisha limezibwa, nguo hii mwilini, shefe atayachukua yote kuwa ni kuchanganyikiwa kwa mfiwa, na orodha itasahihishwa. Wasipomkuta hivyo, watapakiwa melini wote wawili, mwanamke wa mhaini na mainato mwongo, wapelekwe kusini ambako watu hawarudi.

"Sikuombei wewe peke yako," alisema. "Najiombea na mimi. Nina watoto watano, Mama Atija."

"Nawajua watoto wako."

"Unadhani mimi simpendi? Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Mimi nilimlilia siku ileile alipovuka, nikamaliza, nisije nikalia tena mbele ya watu wale."

Nje mbuzi wa Bi Zubeda alikuwa akitafuna kitu kilichokatika kwa sauti.

"Wewe umemlilia, Mungu akulipe," mama alisema. "Lakini mimi wanataka niseme amekufa kwa sababu inawafaa wao. Leo nikiwapa mume, kesho watataka mtoto. Nimekwisha kuwapa mikono, shemeji. Inatosha."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nitakuwa hapa, nimekaa hapahapa. Wewe ndiye mwenye miguu."

Baba Mkubwa alimtazama kama hakusikia. Mama akaniambia niache sindano, nichukue ile nguo mkononi mwa Baba Mkubwa. Nilisimama nikaipokea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama nilivyofundishwa. Ilikuwa bado na joto la pasi.

"Ichane," mama alisema. "Kwa upana wa vidole vinne. Chane zilizo sawa."

Niliogopa. Nguo ya eda haichezewi. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwa mikono yake, nikaishika kwa meno kwenye pindo, nikavuta. Ilipasuka kwa mlio mrefu, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilikuwa kimenyooka. Mama akatoa mkono wa kulia. Nikaufunga kuanzia kiganjani, kidole kwa kidole, nikipishanisha kama ukili. Kisha wa kushoto. Baba Mkubwa alisimama palepale akiniangalia nikiitumia kazi yake, na nilipofika kwenye fundo la mwisho aliinama akanisaidia kulikaza, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo.

"Watoto nitawaachaje?" aliuliza. Hakuwa akiuliza tena kuhusu eda.

"Mama yao anajua kusuka," mama alisema. "Mwanga upo. Waje."

Ijumaa sipai walikuja kweli, wakawa wengi na wakali, kwa sababu walikuwa wamempoteza mtu na shefe alikuwa amevaa shati lenye makunyanzi. Walimkuta mama mbele ya dirisha lake, mikono imefungwa nyeupe, wanawake watano wa jirani wanasuka pande zote, na mke wa Baba Mkubwa miongoni mwao. Walimwuliza mama mainato yuko wapi. Aliwaambia yeye anajua mikeka, mambo ya mashati hayajui. Walimchukua, akalala posto siku tisa, wakamrudisha. Labda walikosa meli, labda walichoka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena mpaka anakufa. Alijifunza kusuka kwa vinane. Mikeka yake ya vidole vinane ipo mpaka leo katika nyumba za Palma na Vamizi, na mwenye kusema bure na akalale juu ya mmojawapo.

Lakini Jumatano ile mambo hayo yalikuwa bado mbele. Baba Mkubwa alichukua kofia yake, akaelekea mlango wa barabarani kwa mazoea, njia ya posto, njia aliyoipita kila siku na mashati mkononi. Mama alimtazama tu, na yeye akasimama, mkono juu ya komeo. Akageuka. Alipita kati ya vyungu kwa uangalifu, kanzu ameinyanyua isiguse rangi, akanivuta sikio, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka, akatokea mlango wa uani ambako njia inapinda kaskazini kuelekea mtoni. Mama aliinuka akamfuata. Hakuweza kushika mlango, hivyo aliugeuzia mgongo, akausukuma kwa bega mpaka ukafunga.